Maharage bila Magadi: Tathmini ya Jiko la Presha la Umeme kwa Familia Changa ya Arusha

Kati ya vifaa vyote vinavyouzwa siku hizi kwa sifa ya kurahisisha mapishi, jiko la presha la umeme lenye ujazo wa lita 6 ndilo ambalo nyumba yetu imelipa mtihani mgumu kuliko vingine, yaani kupika chakula cha kila siku cha watu wazima watatu, mtoto wa chekechea na mdogo wake ambaye ndio kwanza ameanza kula, katika miezi ya masika hapa Arusha, wakati mkaa umelowa, nguo hazikauki na kila mmoja anaingia ndani akiwa na njaa na baridi kwa pamoja. Nitoe hukumu yangu mapema ili msomaji mwenye haraka asisumbuke: kwa maharage, makande, mahindi ya loshoro (mahindi yanayoliwa na mtindi) na mtori wa ndizi na nyama, sijaona kifaa kinacholifikia, kwa mboga za majani halifai, na kwa ugali na chapati halikutengenezwa kwa ajili hiyo, hata kama kijitabu kilichomo ndani ya boksi kinatoa ahadi nyingine.

Sitaji jina la kampuni, kwa kuwa majiko mengi ya aina hii yaliyopo madukani mjini yanafanana sana kwa umbo na kwa utendaji. Kuna sufuria ya ndani inayochomoka, kuna kipasha joto cha umeme cha wati 1,000 chini yake, kuna mfuniko mzito wenye mpira unaozuia mvuke kutoka, na kuna pini ndogo inayopanda presha inapojaa na kushuka presha inapoisha. Halipigi filimbi kama zile sufuria za presha za zamani ambazo watoto walizikimbia. Likishafikia presha yake, linanyamaza, na umeme unakuwa unaingia na kukatika wenyewe kwa vipindi ili kulinda joto lililopo. Hapo ndipo lilipo jibu la swali ambalo kila mgeni wetu huliuliza anapoliona, kwamba je, halimalizi umeme? Nitalirudia suala hilo kwa hesabu.

Kwanza maharage, maana ndiyo yaliyotufanya tulinunue. Wakulima wengi wa mkoa huu na wa jirani zetu wa Kilimanjaro hupanda maharage mvua za masika zinapoanza na kuvuna mvua zikishakatika, na kwa sababu hiyo maharage mengi tunayoyakuta Soko la Kilombero au Tengeru mwezi wa nne ni ya mavuno ya mwaka uliopita, ambayo yamekaa stoo miezi mingi. Harage lililokaa muda mrefu, hasa mahali penye joto na unyevu, huwa gumu kuiva, na hakuna maneno ya muuzaji yatakayolilainisha. “Haya hayana usumbufu kabisa, kaka, ni Lyamungo,” ataniambia mama anayenipimia sado, na kuhusu mbegu huenda anasema kweli, kwani Lyamungo 90 na Selian 97 ni mbegu zilizotolewa na vituo vyetu vya utafiti vya kanda hii na zinapendwa kwa haki. Lakini mbegu nzuri iliyochakaa stoo bado itakula mkaa wako.

Kuna sababu ya pili ambayo watu wanaotoka Dar es Salaam au Tanga huigundua wanapohamia huku, nayo ni mwinuko. Mji wa Arusha uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka yakiwa na nyuzi joto zipatazo 95 tu, si 100 kama kule pwani. Moshi, ulio chini zaidi, una nafuu kidogo. Maji yakishachemka katika sufuria ya kawaida, hata ukichochea moto kwa hasira, joto lake halipandi tena. Kinachoongezeka ni mvuke na bili ya nishati. Ndani ya jiko la presha mvuke hauna pa kutokea, kwa hiyo maji huvuka nyuzi 110, na tofauti hiyo ya nyuzi chache ndiyo inayogeuza maharage ya saa tatu kuwa maharage ya chini ya saa moja. Kijitabu cha maelekezo kimeandikiwa watu wa mabondeni, kwa hiyo ongeza kidogo juu ya kila muda unaoukuta humo. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha sisi huyapa dakika 25 hadi 30 za presha, yasiyolowekwa dakika 50, kisha tunayaacha yatulie hadi pini ishuke yenyewe. Ukifungua valvu kwa pupa maharage yanapasuka na povu linaruka hadi kwenye kabati.

Nyanya na limau visiingie mwanzoni. Uchachu wa tindikali hukaza ganda la harage, na mama zetu waliokuwa wakichemsha kwanza na kuunga baadaye walikuwa wanafanya jambo sahihi. Yakishaiva, tunayaunga katika sufuria nyingine kwa kitunguu, karoti na nyanya, wakati mwingine kwa tui la nazi au karanga iliyosagwa, na tunakamulia limau mezani. Limau hilo lina kazi zaidi ya ladha. Madini ya chuma yaliyomo ndani ya maharage na mboga za majani mwili huyachukua kwa shida, na vitamini C inayokuwemo kwenye limau, nyanya mbichi au chungwa huyasaidia kufyonzwa, ilhali chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Kwa mtoto mdogo na kwa mama anayenyonyesha jambo hili si dogo. Katika nyumba yetu chai imehamishwa kutoka mezani wakati wa chakula hadi baadaye, ingawa nakiri kwamba kwenye baridi ya Arusha amri hiyo ina wapinzani, na mpinzani mkuu ni mwenzangu.

Makande ndiyo yaliyonishangaza zaidi. Mapishi ya kawaida ya makande katika sehemu zetu hizi huanza na mahindi, maharage na kijiko cha magadi, kwa kuwa bila magadi chungu kinaweza kukaa motoni tangu asubuhi hadi alasiri. Magadi hulainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 iliyomo kwenye nafaka na maharage, na yanaongeza chumvi ya sodiamu kwenye chakula ambacho mtoto wa miaka miwili anakula bakuli zima. Kwa watu wa Arusha lipo la ziada. Maji mengi ya miteremko ya Mlima Meru yana madini ya floraidi yanayotoka kwenye miamba ya volkano, na katika vyanzo vingi kiwango kinapita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia tunayoyaona kwa wenyeji wengi yametokana na maji hayo waliyoyanywa utotoni, meno yao ya ukubwani yalipokuwa bado yanajengeka ndani ya fizi. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kinyume chake, maji yanapopungua kwa mvuke na wewe ukaendelea kuongeza mengine katika saa nne za kuchemsha makande, floraidi yote ya maji yaliyoongezwa inabaki ndani ya chungu. Na magadi yenyewe nayo huja na floraidi yake.

Jiko la presha haliondoi madini hayo. Kazi hiyo inataka kichujio, kama kile cha mkaa wa mifupa ambacho kituo cha Ngurdoto kule Arumeru kimekuwa kikikifanyia kazi kwa miaka mingi. Lakini ndani ya jiko hili maji unayoweka mwanzoni ndiyo unayoyakuta mwishoni, kwa kuwa hayatoki kwa mvuke, na magadi hayahitajiki hata chembe. Maana yake, ukitumia maji yaliyochujwa au ya mvua yaliyokingwa vizuri, unayahitaji kidogo tu, na chakula cha mtoto kinapikwa chote kwa maji hayo. Sijaona tangazo hata moja la majiko haya linalotaja faida hiyo, pengine kwa sababu waliotengeneza matangazo hawaishi Arusha.

Mama mkwe wangu, aliyeshuka kutoka Machame na mkungu wa ndizi mshare, aliyaonja makande hayo kwa ncha ya kijiko akaniuliza, “Baba, hapa umeweka magadi kiasi gani?” Nilipomjibu kuwa hakuna, mama, alichukua punje moja ya muhindi akaiminya kati ya vidole viwili, ikafunguka na kutoa unga mweupe laini, akaitazama kwa muda na kuendelea kula. Kwa anayemfahamu, huo ni mwaka mzima wa sifa. Mahindi yaliyokobolewa na kulowekwa usiku, pamoja na maharage, hutaka karibu saa moja ya presha; mahindi yasiyokobolewa hutaka zaidi, na maganda yake hayalainiki hata hivyo. Mahindi hayo hayo tukiyaacha yapoe na kuyachanganya na mtindi tunapata loshoro, ambayo mtoto wetu mkubwa angekula asubuhi, mchana na jioni kama angeruhusiwa. Mchanganyiko wa mahindi na maharage, au mahindi na maziwa, una thamani yake: protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage au maziwa huuziba, na kwa familia isiyomudu nyama kila siku, au iliyo katika Kwaresima ambayo huangukia majira haya, chakula hiki kinajitosheleza.

Hata hivyo, jiko hili lisikudanganye kuhusu ubora wa nafaka unayoitia. Masika ni majira ya unyevu, na mahindi au karanga zilizohifadhiwa vibaya huota ukungu unaozalisha sumukuvu. Sumukuvu haiishi kwa kuchemshwa, wala kwa presha ya jiko la nyumbani. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo. Punje iliyobadilika rangi, iliyokunjamana au yenye harufu ya uvundo itupwe, na karanga za uji wa lishe zichambuliwe moja moja kabla ya kupelekwa mashineni, hata kama wenye mashine wanakuambia wao watazichekecha.

Mtori nao unatoka vizuri. Ndizi mshare, nyama ya mfupa, karoti na kitunguu huingia pamoja, na baada ya dakika zipatazo 30 nyama inaachana na mfupa na ndizi zinapondeka kwa mwiko bila ubishi. Sisi huondoa sehemu ya mtoto mchanga kabla ya chumvi kuingia, tunaiponda peke yake ikiwa nzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika, na zinazobaki ndizo zinazoungwa kwa ajili ya wakubwa. Uji, kwa upande mwingine, uendelee kupikwa kwenye jiko la kawaida. Chochote chenye unga mzito hushika chini ya sufuria ya ndani, jiko linadhani limekauka, linapiga kelele na kujizima.

Nakuja kwenye mboga za majani, ambako nina ugomvi na kijitabu cha maelekezo. Masika ndiyo neema ya mboga katika mji huu: mchicha, mnafu, figili, chainizi, majani ya maboga na kunde vinapatikana kwa mafungu makubwa na bei yake inashuka, na maparachichi nayo yanapangwa barabarani kwa chungu. Kijitabu kinasema mboga dakika mbili za presha. Hata hivyo, kabla ya dakika hizo mbili jiko linatumia dakika nyingine kumi au zaidi kupanda joto, na mnafu unaotoka humo una rangi ya jani lililokaushwa na umetoa maji ambayo vitamini C imekimbilia humo. Mboga hizi zinataka sufuria pana, moto mkali wa gesi, kitunguu, matone ya mafuta na dakika chache tu, mfuniko ukiwa wazi nusu. Kazi kubwa ya mboga za masika iko kwenye beseni. Matone ya mvua hurusha mchanga hadi chini ya majani, na mchicha ulionunuliwa asubuhi baada ya mvua ya usiku huacha tope jekundu la volkano chini ya beseni kila unapouinua. Uoshe ukiwa mzima, ukiuinua kutoka kwenye maji badala ya kumwaga maji na kurudisha mchanga juu yake, na uukate baada ya kuosha, siyo kabla.

Sasa hesabu ya umeme. Sufuria moja ya maharage inayotosha familia yetu milo miwili hutumia chini ya nusu uniti ikiwa yamelowekwa. Kwa mteja wa bei ya kawaida ya majumbani, ambayo ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo na takriban shilingi 356 baada yake, hiyo ni chini ya shilingi 180. Mkaa wa kazi hiyo hiyo, tena mkaa wa masika unaotoa moshi kwanza kabla ya kutoa moto, ulikuwa ukitugharimu mara nyingi zaidi, na kuupikia ndani kwa sababu ya mvua ni kuwakaribisha watoto kwenye gesi ya sumu isiyo na harufu. Anayepaswa kufikiri mara mbili ni mteja wa daraja la matumizi madogo, anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi kwa uniti 75 za mwezi. Ikiwa tayari unatumia uniti 68 au 70, kupika mara nne kwa wiki kutakuongezea uniti kama nane hivi na kukuvusha mpaka huo, na uniti zinazozidi 75 hutozwa shilingi 350 kila moja kabla ya kodi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na katika mazungumzo ya mitaani nishati safi imekuwa jina jingine la mtungi wa gesi. Kwa vyakula vya kuchemka muda mrefu, mtungi mdogo wa kilo 6 ni njia ya gharama. Uache ufanye kazi ya mboga, chapati na chai.

Kasoro za jiko zipo na baadhi zinaudhi. Vitufe vyake vimeandikwa kwa Kiingereza, na kimoja chao kwa Kichina pekee, kiasi kwamba dada anayetusaidia kazi ilibidi abandikiwe vikaratasi vya Kiswahili juu yake. Waya ni mfupi, na ukilazimika kutumia ekstensheni nyembamba ya bei rahisi unaigusa baada ya dakika chache na kuikuta ina joto la kutisha; jiko la wati 1,000 lichomekwe ukutani moja kwa moja. Sufuria ya ndani imepakwa utando mweusi usioshika chakula, ambao kijiko cha chuma huuchuna mara moja, kwa hiyo mwiko wa mti ni lazima. Umeme ukikatika katikati ya makande, joto hubaki ndani kwa muda mrefu na chakula huendelea kuiva kidogo, lakini umeme ukirudi jiko letu halikumbuki lilipoishia, na anayetoka kazini saa moja usiku anaweza kukuta chakula nusu. Kwa sababu hiyo hatuliwashi na kuondoka nyumbani. Zaidi ya hayo, lisijazwe kupita nusu kwa maharage na nafaka, kwa kuwa povu huziba valvu, na hapo lita 6 zinazotangazwa zinakuwa lita 3 za matumizi, zinazotosha nusu kilo ya maharage au zaidi kidogo pamoja na maji yake. Kwa familia ya watu watano inatosha. Kwa nyumba yenye wageni kila Jumapili, tafuta la lita 8.

Kuhusu watoto, liwekwe mbali na ukingo wa meza na waya usining'inie. Mvuke unaotoka kwenye valvu hauonekani vizuri mwanzoni mwa njia yake, na hapo ndipo unapounguza zaidi.

La lita 6 tulilipata mjini kwa bei inayokaribia shilingi 180,000, na tofauti kati ya duka na duka inaweza kufika makumi ya maelfu kwa jiko lile lile, kwa hiyo kuzunguka kunalipa. Kabla ya kutoa fedha, mwombe muuzaji alichomeke mbele yako likiwa na maji kikombe kimoja, usubiri hadi pini ipande, na uangalie kama mvuke unavuja pembeni mwa mfuniko. Dai risiti na hati ya dhamana yenye mhuri. Kisha uliza kama ana mipira ya akiba ya mfuniko, kwa kuwa mpira hunyonya harufu ya kitunguu saumu na hauiachii hata kwa kuoshwa na limau. Wetu wa pili tumeutenga kwa mtori wa mtoto na mahindi ya loshoro, na ule wa kwanza tumeuachia maharage.